Kulewa Bila Pombe

"Mama Cadette, mutu anaweza kulewa bila kunywa?"

Clotilde aliniuliza vile asubuhi moja tulipokuwa tunageuza chisense juani, pale kwenye muchanga wa Kashikishi. Hakuinua uso. Alikuwa ameinama na fagio lake, anasukuma wale samaki wadogo polepole ili upande wa chini nao ukauke, na sauti yake ilikuwa ya chini kana kwamba anauliza samaki.

Pierrette, aliyekuwa anaanika karibu yetu, ana masikio. "Yo! Kama iko ile namna, umuambie bwana yangu. Alewe bure, na siye tukule nyama kila siku!"

Wanawake wakacheka hadi wengine wakaegemea fagio zao. Clotilde hakucheka. Nami sikucheka, kwa sababu nyumba yangu inatazamana na yake, na nilikuwa nimeshaona mambo.

Bwana yake ni Papa Apollinaire. Watu wa pwani hii ya ziwa, upande wa Zambia, kutoka Nchelenge hadi Chienge, wanamujua kwa sauti, kwani ndiye anayeanzisha nyimbo katika kanisa letu la watu wa Congo. Zamani, ng'ambo ya ziwa, kule Kilwa ya Congo, alijulikana kwa jambo lingine. Alikuwa mutu wa lutuku, ile pombe kali ya kupika nyumbani, na aliyemutoa humo ni Florent, shemasi wetu. Walikuwa wamekunywa pamoja tangu ujana. Florent akaokoka kwanza, kisha akarudi kumutafuta rafiki yake kama mutu anayeingia tena katika nyumba inayoungua. Tangu alipobatizwa, Apollinaire hakugusa tena, hata kwenye matanga. Na kila alipotoa ushuhuda wake, Florent aliinama pale mbele na kufuta macho.

Njo sababu ile siku ya Mungu, Jumapili moja kanisani, iliumiza watu vile. Apollinaire alisimama kuanzisha wimbo, akaimba ubeti wa kwanza vizuri, halafu katikati ya wa pili akaingia katika wimbo mwingine kabisa, wa Noeli, na Noeli ilikuwa bado mbali. Watu wa kwaya wakatazamana. Yeye akatabasamu, akapiga hatua kuelekea ngoma, akapepesuka, akamuangukia mupiga ngoma. Hakuna aliyenusa mudomo wake. Hapakuwa na haja. Kila mutu alikuwa ameshaelewa.

Akatiwa disiplini. Kwetu, mutu aliye chini ya disiplini anakaa benchi ya nyuma, karibu na mulango. Hapewi mukono. Hatembelewi nyumbani, wala jina lake halitajwi tunapoombea wagonjwa, hadi siku atakaposimama mbele ya wazee wa kanisa, ainue mikono yote miwili, aseme alichofanya. Kanuni hii tuliikuta kwa wazazi wetu, na mimi sikuwahi kuiona ubaya. Mutu akiachwa peke yake kidogo anapata nafasi ya kujitazama. Lakini baadaye nimefikiri sana. Mutu asiyepewa mukono, nani atajua kwamba ule mukono umelegea? Asiyetembelewa, nani atakaa naye aone kikombe kinamuponyoka?

Hata mimi nisingejua, kama si muchanga.

Kati ya nyumba yangu na yao kuna uwanja wa kuanikia. Kila asubuhi tunaufagia kabla ya kumwaga samaki, kwa hiyo anayepita wa kwanza anaacha alama zake wazi. Marehemu bwana yangu alikunywa, Mungu amurehemu, na nyayo za mulevi ninazijua. Zinaenda huku, zinarudi kule, mahali pengine zinasimama zinajizungukia. Za Apollinaire zilinyooka. Ila kila unyayo wa kulia ulikuwa unyayo tu, na kila wa kushoto ulikuwa na mukia nyuma yake, musitari muchangani, kama wa mutu anayeburuta kamba. Leo vile, kesho vile. Nikatazama sandali zake alizoziacha mulangoni. Ya kushoto ilikuwa imelika mbele, kwenye vidole. Nikajisemea, hii ni pombe gani inayochagua muguu mumoja?

Basi Clotilde alipouliza swali lake, niliweka fagio chini. "Twende kwako."

"Batakusema, mama."

"Mimi ni mujane, Clotilde. Nilisha kusemwa yote."

Tulimukuta Apollinaire ameketi kwenye kivuli cha ukuta, kidevu kifuani, amesinzia muchana kweupe, yeye ambaye saa ile alizoea kuwa bandarini akipigia kelele wapakizi.

"Yambo, Papa."

Akafungua macho polepole. "Yambo, mama. Cadette alisha kurudi ku masomo?"

Cadette ni binti yangu. Ana watoto wake, na wa kwanza wao ndiye aliye masomoni. "Alirudi, Papa," nikasema.

"Muzuri. Asichezecheze ku njia." Akanyoosha mukono wa kushoto achukue kikombe chake cha chai. Vidole vikakigusa, vikakishika, kisha vikakisahau. Chai ikamwagika kwenye suruali yake. Hakushituka. Alikitazama kikombe kama kitu cha mutu mwingine.

Nikamuvuta Clotilde pembeni. "Ilianza lini?"

"Ilianza na kichwa. Kila asubuhi kichwa inamuluma. Anameza aspirine, saa sita anameza ingine. Kisha usingizi. Kisha kusahau."

"Alianguka fasi moja, akajigonga?"

"Hapana." Akafikiri. "Ni ile ya mashua tu. Lakini ile haikukuwa kitu, mama. Hata damu haikutoka."

Ile ya mashua niliiona kwa macho yangu. Mvua zilikuwa bado hazijaisha. Mashua ilikuwa inaingia kutoka Kilwa na mizigo, Florent akiwa ameketi mbele, Apollinaire ameinama katikati anachota maji kwa kopo na kuyatupa nje, kwa sababu ile mashua inavuja tangu zamani. Mwenye motere alichelewa kuizima. Mashua ikapanda muchanga kwa nguvu, na kichwa cha Apollinaire kikapiga ule ubao wa kukalia. Tulisikia sauti ya lile pigo tukiwa huku juu. Akaketi ndani ya maji, amefumba macho. Kisha akayafungua akacheka, na wote tukacheka, Florent kuliko wote. "Apo! Mashua inakusalimia, na weye hauitike!" Tulitafuta damu, hatukuona. Akavaa kofia yake juu ya nundu, akabeba gunia lake. Tukarudi kwenye samaki wetu. Mvua zikaisha, nundu ikaisha, na hakuna aliyekumbuka tena.

Kesho yake nilikuwa na zamu ya kuchukua dawa zangu za presha. Pale kliniki kuna muganga anaitwa Kaoma, mutu wa huku huku, anayezungumza nami Kibemba na kuniita bamayo, yaani mama. Nilipomaliza kupimwa sikuinuka kitini. Nikamueleza yote, mashua, kichwa, usingizi, kikombe, na ule musitari muchangani. Nilitegemea acheke. Alivuta kiti chake karibu.

"Bamayo, mashua yenu ikiwa na tundu dogo kama la sindano, inazama siku ile ile?"

"Hapana, mukwai," nikasema, nikitumia neno lao la heshima. " Asubuhi unaikuta bado inaelea."

"Na msipochota yale maji?"

"Siku nyingine unaikuta imelalia upande mumoja."

"Ni vile vile," akasema.

Akaniambia kwamba ubongo umevikwa kama nguo, na kati ya ile nguo na ubongo inapita mishipa midogo sana ya damu. Mutu akizeeka, ubongo wake unapungua kidogo, na ile mishipa inavutika kama nyuzi za wavu uliokazwa. Aliyekunywa sana zamani, kwake inavutika zaidi. Basi pigo ambalo kijana angelisahau kabla ya jioni, kwa muzee linakata uzi mumoja. Damu haimwagiki kwa wingi. Inavuja kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na mutu anatembea nayo, anauza samaki nayo, anaimba nayo. Lakini mufupa wa kichwa si gunia, haupanuki. Damu ikitafuta nafasi, ubongo ndio unaobanwa. Hapo kichwa kinauma, usingizi unakuja, maneno yanapotea, na upande mumoja wa mwili unaacha kutii. Ikiwa damu iko kulia, ni muguu na mukono wa kushoto.

"Lakini hakutoka damu," nikasema. Nilikuwa bado nimeshikilia lile neno.

"Ilitokea ndani, bamayo. Nje haikupata njia."

"Na aspirini anazomeza?"

Kaoma akatikisa kichwa. "Asiguse tena hata moja. Zile zinafanya damu ichelewe kuganda." Akasimama. "Sijamuona, siwezi kuapa. Huenda ni kitu kingine. Lakini asingoje. Mupelekeni hospitali leo, siyo baada ya kitu chochote. Akilala usingizi usioamushika, mutakuwa mumechelewa. Na akiwahi, wanaweza kuitoa ile damu, na mutu anarudi."

Nilirudi nikitembea upesi kuliko miguu yangu inavyopenda. Nilimukuta Clotilde anapiga pasi shati jeupe la bwana yake, kwani wazee walikuwa wamemuita alasiri ile ile. Nilimupa maneno ya Kaoma kama nilivyoyashika. Alisikiliza, pasi mukononi, hadi nikamwambia aiinue asije akaunguza kola.

"Nitamupeleka," akasema. "Lakini aungame kwanza."

"Clotilde, amesema leo."

"Ni leo, mama. Ni saa kidogo tu. Saa hii nikimupeleka, Florent atasema tunakimbia. Batu bote batasema tunaficha bulevi ndani ya hospitali. Akishaungama, batamupa mukono, batamuombea. Nitaenda na kanisa nyuma yangu. Nikienda peke yangu na akinifia kule, nani atamuzika? Nani atamuimbia?"

Sisi ni watu wa ng'ambo, na kwetu huku kanisa ndiyo ukoo.

Kisha akaketi na kusema kwa sauti ndogo, "Na kama si ugonjwa? Kama kweli anakunywa, ananificha? Sijui tena niombe nini, Mama Cadette. Niombe bwana mulevi, ao bwana mugonjwa."

"Omba aishi," nikamwambia. "Hayo mengine tutayaona."

Mimi ndiye mukubwa wa umoja wa bamama, kwa hiyo ninakaa na wazee wakati wa mambo kama haya, ingawa tunategemewa kuitikia amina tu. Tulikutana katika kile chumba cha nyuma ya kanisa. Apollinaire aliingia ameshikwa na Clotilde, shati limenyooka vizuri, kifungo kimoja kimeingia tundu lisilo lake. Wazee wakatazama kile kifungo.

Florent hakuketi. Uso wake ulikuwa wa mutu asiyelala. Leo hii siwezi kusema alikuwa mutu mubaya. Alikuwa kama mutu aliyejenga nyumba moja tu maishani mwake, akaambiwa imeanguka.

"Ndugu Apollinaire, tunakuuliza mbele ya Mungu. Ulikunywa?"

Apollinaire akamutazama Clotilde. "Labda nilikunywa."

"Labda? Mutu hajue kama alikunywa?"

"Clotilde analia. Weye unanikasirikia. Basi labda nilikunywa."

"Wapi?"

"Kwa ule mama wa karibu na soko. Mwenye kuku mingi."

"Ulikuwa na nani?"

Apollinaire akamutazama kwa upendo mukubwa. "Si na weye, Florent?"

Muzee mumoja akacheka, akakifunika kicheko kwa kikohozi. Mimi nilimukumbuka yule aliyemutaja. Yule mama mwenye kuku alikuwa wa Kilwa, na alikufa kabla hao wawili hawajaota mvi. Apollinaire hakuwa anamudhihaki mutu. Alikuwa kule, ng'ambo, katika ujana wake, na sisi tulikuwa tunamuuliza kutoka huku.

"Unanichekelea?" Sauti ya Florent ilipanda. "Miye? Miye niliyekutoa mule? Nilikubeba ku mugongo, Apo, ukinitapikia, nikakufikisha mbele ya Mungu, na weye unaniletea kuku?"

"Ulinibeba," akakubali Apollinaire. "Ulikuwa na nguvu."

"Simama. Inua mikono. Sema: nilianguka, ninatubu. Tumalize."

Akasimama, ameshika kiti. Akakiachia kiti, akainua mikono yote miwili juu, viganja mbele, kama tunavyofanya. Mukono wa kulia ukabaki juu. Wa kushoto ukaanza kushuka. Haukuanguka. Ulishuka bila haraka, kiganja kikigeuka, hadi ukafika begani, hadi ukafika kiunoni.

"Inua mukono!"

Ukapanda. Ukashuka tena.

"Hata mbele ya Mungu unachoka?"

"Nimeinua," akasema Apollinaire. Alishangaa kweli. "Yote miwili. Hauone?"

Na ule wa kushoto ulikuwa umelala kwenye paja lake.

Nilisimama kabla sijajua nimesimama. "Papa Shemasi, tazama ule mukono. Hajui kwamba umeshuka."

"Mama Cadette, kaa. Saa ya bamama haijafika."

"Sikai. Bwana yangu alilewa miaka mingi ndani ya nyumba yangu, na hakuna siku alikosa kujua mukono wake uko wapi. Huyu hajui. Kaoma wa kliniki anasema inaweza kuwa damu ndani ya kichwa. Ni ile siku ya mashua."

"Ile siku hakutoka damu."

"Haikupata njia ya kutoka, Papa. Ilibaki ndani. Mpaka sasa iko ndani, na sisi tumemusimamisha hapa aungame."

Hakuna aliyesema amina. Clotilde alivuka chumba, akasimama mbele ya Florent, akamunyooshea kiganja. "Nipe funguo ya motoka."

Florent ana motoka ndogo ya kubebea samaki. Aliutazama kwanza mukono wa rafiki yake pale pajani, wakati mukono wa pili ukiwa bado juu, unatetemeka sasa kwa kuchoka, kwani hakuna aliyekuwa amemwambia aushushe. Akatoa funguo mufukoni. Hakumupa Clotilde. Alienda mwenyewe kuwasha.

Tulimulaza Apollinaire nyuma, kichwa chake mapajani pa Clotilde, mimi nimeshika miguu, kati ya magunia yenye harufu ya chisense. Niliomba njia nzima. Lakini niliomba macho wazi, nikitazama kama anapumua.

Hospitalini daktari alimumulika machoni kwa taa, akamwambia amubane vidole, kulia, kushoto. Akauliza, "Nani alikuwepo alipogongwa kichwa?"

Nilifungua mudomo, lakini sauti ilitoka nyuma yangu, mulangoni. "Miye nilikuwa mu mashua," akasema Florent. Daktari akamuuliza ni lini, alipigwa upande gani, alipoteza fahamu ao hapana. Akajibu yote. Alikuwa anakumbuka yote, hadi upande wa ubao.

Kwetu hakuna mashini ya kupiga picha ndani ya mufupa wa kichwa. Wakamuweka katika ambulansi kwenda hospitali kubwa ya Copperbelt, kwenye migodi ya shaba, Clotilde pembeni yake. Ile njia, ukishavuka muto Luapula, inakata kipande cha Congo kabla ya kurudi Zambia. Clotilde aliniambia baadaye kwamba aliona nchi yake dirishani, mihogo iliyoanikwa, wanawake waliojifunga vikwembe wakitembea na mizigo yao kichwani, na alitaka kumuonyesha bwana yake, akamutikisa bega. Hakuamuka. Njo pale alipokumbuka maneno ya usingizi usioamushika, na akaanza kumuimbia sikioni, wimbo ule ule wa Noeli, kwa sababu ndio uliokuja.

Waliwahi. Picha ilionyesha damu upande wa kulia, imelala juu ya ubongo kama godoro. Wakatoboa matundu mawili madogo kwenye mufupa, na daktari alimwambia Clotilde kwamba damu iliyotoka haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, kama mafuta ya motere yaliyokwisha kazi. Ni damu ya zamani, akasema, yenye wiki nyingi. Akamuonya kwamba inaweza kurudi, kwa hiyo atazame kichwa, usingizi, mukono, muguu, na asingoje tena. Apollinaire alipofungua macho, kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini Clotilde amevaa sandali mbili zisizofanana. Clotilde akacheka hadi muuguzi akaja kuona kuna nini. Alikuwa amezivaa vile tangu Kashikishi, na hakuna aliyeziona, hata mimi.

Waliporudi, asubuhi ya kwanza niliamuka mapema nikafagia uwanja. Nikasimama mulangoni na fagio langu, nikangoja Apollinaire apite. Akapita, akanisalimu kwa jina, akaniuliza hali ya Cadette pamoja na watoto wake, kila mumoja. Kisha nikaenda kutazama muchanga. Unyayo, na unyayo. Mukia haukuwepo. Nyayo zile sikuzifagia.

Siku ya Mungu akaja kanisani, kichwa kimenyolewa, na makovu mawili upande wa kulia kama alama za vidole. Daktari alisema asichoke, asikae kwenye joto, kwa hiyo Clotilde alimukalisha nyuma karibu na mulango, penye upepo. Ni benchi ile ile. Nadhani hakulifikiri jambo hilo. Lakini watu waligeuka wakaona, na Florent, aliyekuwa mbele na Biblia yake, akaona pia. Tangu ile siku ya hospitali alikuwa hajaenda kwao. Nilimuona mara mbili anafika kwenye uwanja wetu wa samaki, anasimama, anarudi.

Florent akafika mwisho wa matangazo yake. Akasafisha koo.

"Na ndugu yetu Apollinaire. Disiplini yake imeondolewa. Wazee bamemusamehe."

Watu wakasema amina. Wengine walipiga makofi. Pierrette alipiga kigelegele, kwani yeye hakosi. Mimi lile neno la kusamehe liliniingia kama mwiba, lakini niliitikia amina nami, maana lilikuwa neno la kufunga jambo na watu walitaka lifungwe.

Apollinaire akasimama pale nyuma.

"Florent," akasema. "Munanisamehe nini?"

Hakuwa na hasira. Nilikuwa nimegeuka, nilimuona usoni. Zile wiki zote zilikuwa zimetoka kichwani mwake, kama kitambaa kilichokatwa kwa makasi. Benchi, wazee, mama mwenye kuku, hakuwa na hata kimoja. Clotilde alikuwa amemwambia alikuwa mugonjwa, na zaidi ya hapo hakuthubutu.

Watu wakamugeukia Florent.

"Clotilde aliniambia nilikuwa mugonjwa," Apollinaire akaendelea. "Sikumbuke kitu. Kama kuko kitu ingine nilifanya, uniambie weye, ndugu yangu. Weye haujanidanganyaka. Uniambie, nitatubu."

Na kwa sababu anajua desturi zetu, akainua mikono yote miwili, viganja mbele, tayari.

Tulingoja. Nilikuwa natazama mukono wa kushoto, na Florent alikuwa anatazama huko huko. Ulibaki juu. Ulibaki juu kama mwenzake, umenyooka, na hakuna aliyekuwa akiupigia kelele.

Florent akafunga Biblia. Akaiweka mezani. Akashuka, akapita katikati ya mabenchi, akaifikia ile ya nyuma, akapita mbele ya mikono ya rafiki yake iliyoinuliwa, yake mwenyewe hakuiinua, akatoka nje.